Hisabati, uchumi au sayansi asilia: ulinganisho kwa anayetaka kuwa mtafiti

Mwanafunzi aliyezimudu hesabu vizuri, anapomaliza shahada ya kwanza, hujikuta kwenye njia panda. Anaweza kuendelea na hisabati yenyewe, anaweza kuupeleka ujuzi wake kwenye uchumi, au anaweza kuupeleka kwenye fizikia, kemia na astronomia, ambazo hapa nitaziita kwa pamoja sayansi asilia. Ushauri anaopewa huwa ni wa namna mbili: afuate anachokipenda, au afuate palipo na ajira. Sina ugomvi na ushauri wowote kati ya hiyo miwili, ila naona haumfikishi mbali, kwa kuwa anachokipenda ni somo alilofundishwa darasani, ilhali utafiti ni kazi nyingine kabisa. Darasani jibu lipo nyuma ya kitabu. Katika utafiti hakuna anayelijua jibu, na siku nyingi za mtafiti hupita akiwa amekosea bila kujua amekosea wapi.

Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unatumia kigezo kimoja kikuu: mtafiti wa fani fulani anapokosea, ni nani au ni nini kinachomwambia, baada ya muda gani, na kwa gharama gani? Mambo mengine ambayo watu hupenda kuyauliza kwanza, kama vile idadi ya waandishi katika makala, foleni ya majarida na mahitaji ya fedha, kwa sehemu kubwa ni matokeo ya jambo hilo moja, nami nitayafikia baadaye.

Ushahidi mmoja mbele ya watu watatu

Chukua namba nzima yoyote kuanzia sifuri, izidishe kwa yenyewe, ijumlishe tena yenyewe, kisha ongeza 41. Ukianza na 0 unapata 41. Ukianza na 1 unapata 43. Namba 2 inatoa 47, na 3 inatoa 53. Zote hizo ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ukiendelea hadi 39 utapata 1601, nayo ni tasa vilevile. Kanuni hii, ambayo Leonhard Euler aliitaja katika karne ya 18, imejaribiwa mara 40 mfululizo na haijakosea hata mara moja.

Mwanahisabati hatikisiki. Kwake, majaribio 40, au 40,000, hayana uzito wa uthibitisho, na hapa ana haki ya kushuku: ukiweka 40 unapata 1681, ambayo ni 41 mara 41. Mfano mmoja pinzani umeiangusha kanuni yote, na hakuna wa kuitetea.

Mtafiti wa sayansi asilia anaona jambo tofauti. Vipimo 40 vinavyokubaliana ni mali, naye ataandika kwamba kanuni imethibitika kati ya 0 na 39, kisha atatafuta chombo cha kuvuka mpaka huo. Ikianguka kwenye 40, haitupi. Ataendelea kuitumia ndani ya mipaka yake huku akitafuta kanuni pana zaidi inayoeleza kwa nini ile ya kwanza ilifanya kazi na kwa nini iliishia pale. Ndivyo ilivyokuwa kwa mekanika ya Newton, ambayo bado inatumika kupanga safari za vyombo vya angani ingawa nadharia ya Einstein ya mwaka 1915 ilikwisha kuonyesha inapokoma.

Mwanauchumi anauliza swali ambalo wenzake hawakuliuliza: hii 41 imetoka wapi, na ni namba ngapi nyingine zilizojaribiwa kabla ya kuletewa hii? Swali hilo lina msingi. Ukiweka 43 mahali pa 41, kanuni inaanguka kwenye hatua ya pili tu, kwa sababu unapata 45. Mtu aliyepekua namba nyingi na kutuletea ile iliyompendeza anaweza kutuonyesha ushahidi wa kuvutia ambao umetokana na upekuzi wake kuliko na ukweli wenyewe. Miaka mingi ya uchumi wa takwimu imetumika kujilinda dhidi ya mtu huyo, ambaye mara nyingi ni mtafiti mwenyewe.

Hisabati: kosa lipo kwenye karatasi

Katika hisabati kila kinachohitajika ili kuligundua kosa kimo ndani ya makala. Hakuna maabara ya kutembelea wala data iliyofichwa. Msomaji mwenye ujuzi na subira anaweza kuupita uthibitisho mstari kwa mstari. Huo ni uhuru mkubwa, lakini una ukali wake, kwa kuwa uthibitisho wenye pengo moja hauhesabiwi kuwa uthibitisho wenye kasoro ndogo. Ni kana kwamba bado haupo.

Kisa cha Andrew Wiles kinajulikana sana, ila watu hukumbuka ushindi na kusahau mwaka uliotangulia. Baada ya kufanya kazi karibu peke yake kwa takriban miaka saba, alitangaza mjini Cambridge, Juni 1993, kwamba amethibitisha nadharia ya mwisho ya Fermat, kitendawili cha namba kilichowashinda wanahisabati kwa zaidi ya miaka 350. Katika uhakiki likaonekana pengo. Hapakuwa na mtu aliyesema kwamba kazi hiyo ni sahihi kwa sehemu kubwa na hivyo ipite. Ilimlazimu aendelee kulitafutia pengo hilo dawa hadi Septemba 1994, akisaidiwa na Richard Taylor, na makala zikachapishwa mwaka 1995. Anayefikiria hisabati ajiulize kuhusu miezi ile kumi na minne, si kuhusu siku ya makofi: je, angeweza kuamka kila asubuhi akijua kwamba dunia yote inajua amekwama, na kwamba huenda pengo lenyewe halizibiki?

Hata hivyo, si kweli kwamba kosa la kihisabati huonekana daima kwa urahisi. Mwaka 1998 Thomas Hales alileta uthibitisho wa dhana ya Kepler, dhana ya mwaka 1611 inayohusu namna ya kupanga mipira ya ukubwa sawa ili ijae kadiri iwezekanavyo katika nafasi iliyopo. Sehemu ya hoja yake ilitegemea hesabu kubwa za kompyuta. Wahakiki walifanya kazi kwa miaka kadhaa, kisha wakasema wana uhakika wa asilimia 99, kauli ambayo katika fani nyingine ingekuwa sifa na katika hisabati ilikuwa karibu na aibu. Makala ilichapishwa mwaka 2005, lakini Hales hakuridhika. Aliunda kikundi kilichouandika upya uthibitisho wote kwa lugha ambayo kompyuta inaweza kuikagua hatua kwa hatua, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 2014. Leo programu za aina hiyo, mojawapo ikiitwa Lean, zinazidi kuingia katika kazi za kila siku za wanahisabati, na kijana anayeanza sasa afadhali ajifunze moja mapema.

Nyongeza moja kuhusu umri, kwa kuwa huwatisha wengi. Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, hutolewa kwa wasiozidi miaka 40, na sharti hilo limezaa imani kwamba mwanahisabati akivuka umri huo amekwisha. Yitang Zhang alikuwa amekwisha kupita miaka 55 na akifundisha bila umaarufu wowote alipothibitisha, mwaka 2013, kwamba kuna jozi zisizo na kikomo za namba tasa zinazotofautiana kwa chini ya milioni 70. Ndani ya mwaka mmoja hivi, kazi ya James Maynard na ya kikundi cha wanahisabati waliokuwa wakishirikiana hadharani ikaishusha milioni 70 hiyo hadi 246. Katika mkasa huo mmoja mna mtu aliyefanya kazi peke yake kwa miaka na umati uliofanya kazi kwa pamoja kwa miezi, kwa hiyo picha ya mwanahisabati mpweke ni nusu ya habari.

Sayansi asilia: kosa linaweza kuwa kwenye kebo

Katika fizikia na jamaa zake, mwamuzi ni maumbile yenyewe, na maumbile hayana upendeleo. Tatizo ni kwamba hayasemi na mtafiti moja kwa moja. Husema kupitia chombo, na chombo nacho kina maneno yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kutenganisha sauti hizo mbili, na anayedhani kwamba utafiti wa fizikia ni kutafakari siri za ulimwengu atashangazwa na saa nyingi atakazotumia kutafuta hewa inapovujia kwenye pampu ya ombwe.

Mfano ninaoupenda ni wa jaribio la OPERA. Septemba 2011 watafiti wake walitangaza kwamba chembe ziitwazo neutrino, zilizosafiri takriban kilomita 730 kutoka CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, zilifika nanosekunde 60 (sehemu 60 za bilioni za sekunde) kabla ya wakati ambao mwanga ungefika. Kama ingekuwa kweli, nguzo moja ya fizikia ya karne nzima ingekuwa imetikisika. Walikuwa wamekagua kwa miezi, na wakawaomba wenzao duniani wawasaidie kuona walipokosea, jambo ambalo naliona la heshima kubwa. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba kebo moja ya nyuzi za mwanga haikuwa imekazwa vizuri kwenye kiunganishi chake na kwamba saa mojawapo ilikuwa na hitilafu. Yaliporekebishwa hayo, ile tofauti ikatoweka.

Sasa tazama tahadhari inavyokuwa pale jambo linapokuwa la kweli. Tarehe 14 Septemba 2015 vigunduzi viwili vya LIGO, mradi wa kutafuta mawimbi ya mvutano, nchini Marekani, kimoja Livingston na kingine Hanford, vilipokea mtikisiko uleule uliodumu kwa sehemu ndogo ya sekunde, wa pili ukichelewa kwa takriban milisekunde saba. Kila kigunduzi kina mikono miwili ya kilomita 4, na badiliko la urefu lililopimwa lilikuwa dogo kuliko sehemu moja ya mia ya upana wa protoni, chembe iliyo ndani ya kiini cha atomu. Tangazo halikutolewa hadi 11 Februari 2016. Miezi mitano ilitumika kuuliza kama ni tetemeko, kama ni radi, kama kuna mtu aliyeingilia mitambo. Swali la mwisho halikuwa la mzaha: mwaka 2010 viongozi wa mradi huo walipenyeza kwa siri ishara ya bandia ndani ya data ili kuwapima watafiti wao, nao wakaichambua na kuiandikia makala kamili kabla ya kuambiwa, mwaka uliofuata, kwamba ilikuwa ya kutengenezwa. Sijui fani nyingine inayofanya hivyo kwa watu wake yenyewe na wakaendelea kushukuru.

Utamaduni huo una kipimo chake cha namba. Katika fizikia ya chembe ugunduzi hautangazwi hadi matokeo yafikie kile kinachoitwa sigma tano, yaani nafasi ya kupata ishara ya namna hiyo kwa bahati tu iwe takriban 1 katika milioni 3.5. Ndicho kiwango kilichofikiwa 4 Julai 2012, siku ilipotangazwa chembe ya Higgs, ambayo nadharia ilikuwa imeitabiri miaka mingi kabla. Kipimo hicho lakini hakiondoi kosa la aina ya kebo, kwa sababu bahati mbaya na chombo kibovu ni mambo mawili tofauti.

Asije mtu akadhani kwamba sayansi asilia zote zinahitaji mashine za kilomita kadhaa. Andre Geim na Konstantin Novoselov, katika kazi yao ya mwaka 2004 iliyowapatia Nobel mwaka 2010, waliipata grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, kwa kubandua tabaka za grafiti kwa utepe wa kunata wa kawaida. Maabara ndogo bado zipo, na kwa mtu anayependa kuushika mradi wake wote kwa mikono miwili ndizo za kutafuta.

Uchumi: kosa linaweza lisikamatike kamwe

Nimeuacha uchumi mwisho kwa kuwa ndio unaoeleweka vibaya zaidi na wale wanaotoka kwenye hesabu. Wao huona milinganyo na kudhani wamefika nyumbani. Milinganyo ipo, na ipo sehemu ya fani ambayo kwa hakika ni hisabati: Kenneth Arrow na Gérard Debreu, mwaka 1954, walithibitisha kuwapo kwa usawazo wa soko, yaani bei zinazolinganisha mahitaji na ugavi, kwa kutumia nadharia za kihisabati za nukta tulivu, na makala ya aina hiyo husomwa na kukosolewa kama ya hisabati. Lakini utafiti mwingi wa uchumi siku hizi ni wa data, na ugumu wake hauko kwenye hesabu.

Ugumu wenyewe ni huu. Ukitaka kujua kama kupandisha kima cha chini cha mshahara kunapunguza ajira, unahitaji kuona mahali pamoja, wakati mmoja, katika hali mbili: kilipopanda na kisipopanda. Hali ya pili haikutokea na haitatokea. Mwanauchumi hutumia maisha yake kutafuta kitu kinachoweza kusimama badala yake.

David Card na Alan Krueger walikipata ng'ambo ya mpaka. Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa, na jimbo jirani la Pennsylvania halikufanya hivyo. Waliihoji migahawa 410 ya vyakula vya haraka ya pande zote mbili, kabla na baada ya badiliko. Katika makala yao ya mwaka 1994, wastani wa wafanyakazi kwa mgahawa, wale wa muda wakihesabiwa nusu, ulitoka 20.44 hadi 21.03 upande wa New Jersey, na kutoka 23.33 hadi 21.17 upande wa Pennsylvania. Toa badiliko la pili katika la kwanza na utapata ongezeko la takriban wafanyakazi 2.75 kwa mgahawa, pale ambapo wengi walitarajia upungufu.

Hesabu yenyewe, kama unavyoona, mtoto wa shule anaiweza. Kazi yote imo katika maswali yanayofuata. Je, Pennsylvania ni kioo cha kweli cha New Jersey, au ilikuwa na matatizo yake mwaka huo? Migahawa ya Pennsylvania ilianza ikiwa na watu wengi zaidi. Je, isingepungua hata hivyo? Majibu ya simu yanaaminika kiasi gani? Wakosoaji walikusanya rekodi za malipo na kupata picha tofauti, Card na Krueger wakajibu kwa data nyingine, na mjadala ukaendelea kwa miaka. Card alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, pamoja na Joshua Angrist na Guido Imbens, na wachumi bado wanabishana kuhusu kima cha chini cha mshahara. Hakuna awezaye kuirudisha Aprili 1992 na kuipitisha tena bila sheria ile, kama fundi anavyoweza kukaza kebo na kuwasha mashine upya.

Njia mojawapo ya kupunguza shaka ni kupiga kura: watu, shule au vijiji hugawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata huduma inayochunguzwa na wengine wasipate kwanza, kisha wakalinganishwa. Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer walituzwa mwaka 2019 kwa kuieneza njia hiyo katika utafiti wa umaskini. Ina nguvu, ila haifiki kila mahali. Hakuna anayeweza kuzipigia kura nchi ili nusu yake zibadili riba.

Kisha kuna makosa ya kawaida kabisa. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi zenye deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa wastani wa asilimia hasi 0.1 kwa mwaka, na wanasiasa wakaitumia kutetea kubana matumizi. Miaka mitatu baadaye Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu aliyepewa zoezi la kurudia makala ya watu wengine, alishindwa kuzipata namba zile. Alipopewa lahajedwali lenyewe aliona kwamba fomula ya wastani ilikuwa imeziacha nje nchi tano. Yeye na walimu wake wawili waliporekebisha hilo, pamoja na uchaguzi mwingine wa data na wa uzani waliokuwa na shaka nao, walipata asilimia 2.2. Waandishi walilikiri kosa la fomula lakini wakautetea mwelekeo wa hoja yao. Ona tofauti: kwa Wiles pengo lilisimamisha kila kitu, hapa kosa lilikaa miaka mitatu ndani ya mijadala ya bajeti, na hata baada ya kuonekana hoja haikufa moja kwa moja.

Fani imejifunza kutokana na hayo. Chama cha Wanauchumi cha Marekani kina mhariri wa data ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba data na programu za makala zinatoa namba zilizochapishwa. Mwaka 2016 kikundi kimoja kilirudia majaribio 18 ya maabara yaliyokuwa yamechapishwa katika majarida mawili makubwa ya uchumi, na 11 yakatoa matokeo yenye mwelekeo uleule na yanayokidhi vigezo vya takwimu. Mmoja ataisoma namba hiyo kama aibu, mwingine kama ujasiri wa kujipima. Mimi niko upande wa huyo wa pili, ingawa ningependa majaribio yawe mengi zaidi.

Majina, foleni na fedha

Mengine yanafuata kutokana na hayo. Kwa kuwa uthibitisho unaweza kubebwa na kichwa kimoja, makala za hisabati huwa na waandishi wachache, nao hupangwa kwa alfabeti. Kwa kuwa kigunduzi hakiwezi kujengwa na mtu mmoja, makala ya mwaka 2015 ya ATLAS na CMS, vikundi viwili vya vigunduzi vya CERN, kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilikuwa na waandishi 5,154, na kati ya kurasa zake 33 zaidi ya nusu zilijaa majina na anwani zao. Katika maabara ndogo, mwandishi wa kwanza ndiye aliyefanya kazi nyingi na wa mwisho kwa kawaida ni mkuu wa maabara, kwa hiyo nafasi ya jina ni suala la kuulizia mapema. Uchumi una waandishi wachache na hufuata alfabeti kama hisabati, jambo linaloonekana la haki hadi umkumbuke mwenye jina linaloanza na Z: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba katika idara za juu za uchumi za Marekani, wenye majina ya mwanzo wa alfabeti walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata ajira ya kudumu.

Kuhusu foleni, fizikia ndiyo yenye haraka. Hifadhi ya makala ya mtandaoni iitwayo arXiv, iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, iliwazoesha wanafizikia kusoma makala za wenzao kabla hazijapita kwenye jarida, na wanahisabati wakafuata. Grigori Perelman aliuweka huko uthibitisho wake wa dhana ya Poincaré, swali maarufu la hisabati kuhusu maumbo, mwaka 2002 na 2003 na hakujisumbua kuupeleka kwenye jarida lolote. Wanauchumi nao husomana mapema kupitia makala za awali, lakini safari ya kuelekea jaridani ni ndefu: wahakiki huomba majaribio mapya ya data, mwandishi hurekebisha, wahakiki huomba tena, na miaka miwili au mitatu kupita si ajabu. Isitoshe, majarida matano tu, yakiwemo American Economic Review na Econometrica, yana uzito usiolingana na idadi yake katika kupandishwa vyeo. Asiye na uvumilivu wa kurekebishwa na watu asiowajua atateseka zaidi katika uchumi kuliko kwingine.

Jambo moja ambalo washauri hulisahau ni thamani ya kuwa wa pili. Katika sayansi asilia kupima tena kitu kilichokwisha kupimwa, kwa njia nyingine, ni kazi halali inayoheshimiwa. Ndiyo maana CERN ina vigunduzi viwili vikubwa vilivyoitafuta Higgs kila kimoja kivyake. Katika hisabati, aliyetanguliwa kwa nadharia ileile hubaki na kidogo sana, isipokuwa njia yake iwe mpya. Katika uchumi, kurudia kazi ya mwingine kuna manufaa makubwa kwa fani na faida ndogo kwa anayeirudia.

Fedha nitazipitia haraka. Hisabati na fizikia ya nadharia zinahitaji muda, maktaba na nauli za kukutana na watu. Uchumi unahitaji data, na data nzuri ama ni ya siri ya serikali, ambayo kuipata huchukua miezi ya vibali, ama ni ya kukusanywa na wahojaji wanaolipwa. Sayansi za maabara zinahitaji vifaa, na mwanafunzi hawi na uhuru wa kuchagua mradi zaidi ya kile ambacho maabara ya msimamizi wake inacho. Mwanaastronomia huomba usiku kadhaa kwenye darubini miezi mingi kabla, na usiku huo ukija na mawingu, umekwenda.

Kuhama baadaye

Mipaka kati ya fani hizi haikujengwa kwa zege. Louis Bachelier, katika tasnifu yake ya mwaka 1900, alieleza mwendo wa bei za soko la hisa kwa hisabati ya mwendo wa kubahatisha, miaka mitano kabla Einstein hajaitumia hisabati ya aina hiyohiyo kueleza chembe zinazotikisika ndani ya kimiminika. Lakini mlango haufunguki sawa pande zote. Kutoka hisabati kwenda uchumi au fizikia ya nadharia ni njia inayopitwa na wengi. Kurudi kwenye hisabati baada ya miaka mitano ya data au maabara ni nadra sana. Kwa hiyo asiyejua moyo wake uko wapi, na hesabu anaiweza, hapotezi mengi akianza na hisabati, alimradi aongeze takwimu na kuandika programu. Aliyekwisha kujua kwamba swali linalomsumbua linahusu watu asijicheleweshe huko, maana kuisoma data kwa jicho la shaka ni ufundi unaochukua miaka kukomaa.

Wiki tatu za kujaribu

Kabla ya kujaza fomu yoyote, ningependekeza wiki tatu. Wiki ya kwanza, rudi kwenye ile kanuni ya 41 na uthibitishe kwamba lazima ianguke hata ukiweka namba gani kubwa kuliko 1 mahali pa 41. Hiyo huenda ikakuchukua nusu saa. Kisha thibitisha kwamba hata ukitumia vipeo vya juu zaidi, hakuna kanuni ya namna hiyo inayotoa namba tasa daima, na usitafute jibu popote.

Wiki ya pili, chukua makala moja ya uchumi ambayo waandishi wake wameweka data hadharani, na uizalishe upya jedwali moja tu, hadi desimali ya mwisho. Utakapopata namba iliyo karibu lakini si ile, usiiache. Tafuta ni mistari ipi ya data waliyoitoa na kwa nini.

Wiki ya tatu, funga kitu kizito kwenye uzi wa mita 1, ukibembeze, na utafute kasi ya kuongezeka kwa mwendo wa kitu kinachoanguka. Mbembeo mmoja wa kwenda na kurudi huchukua takriban sekunde 2, na kidole chako kwenye saa hukosea kwa kama sekunde 0.2, kwa hiyo jibu la mbembeo mmoja linaweza kupotoka kwa asilimia 20. Ukipima mibembeo 20 kwa pamoja, kosa hilo la kidole linashuka hadi kama asilimia 1, na hapo ndipo makosa mengine yanapojitokeza: uzi uliupima hadi kwenye fundo au hadi katikati ya kile kitu kizito, na uliubembeza kwa upana gani? Endelea hadi ukaribie mita 9.8 kwa sekunde kwa kila sekunde na uweze kueleza kila sehemu ya tofauti iliyobaki.

Katika kila wiki andika kando saa uliyoiacha kazi, na kama uliiacha kwa sababu muda ulikwisha au kwa sababu hukutaka tena kujua kosa liko wapi.